Msafara wa Tumboni

Tangu mimba yake ya kwanza iharibike, Sidonia aliogopa kuizungumzia hii ya pili. Jioni moja huko Bahi, Sidonia akipepeta mpunga uani, mdogo wake Violeth, mwanafunzi wa udaktari, alimwambia:

"Dada, sasa hivi seli za ubongo wa mwanao zinahama. Huzaliwa ndani kabisa, zikapanda kwa kufuata nyuzi nyembamba, zikazipita zilizotangulia, kisha zikatua juu yazo."

"Na zisipofika?"

"Nyingi hufika, dada."

Sidonia akaweka ungo chini taratibu, asije akazitikisa. Alifumba macho, akajiona ni nchi pana, yenye joto na giza, inayovukwa na msafara usio na kelele.

"Nendeni polepole," akanong'ona, mkono tumboni. "Nafasi ipo."

Violeth hakuwahi kumsikia akisema na mtoto. Akauchukua ungo, akaendelea kupepeta polepole.