Akiba ya Vidole Viwili

Mtaani walimwita Mama Futi kwa sababu ile futi ya kupimia haikumtoka shingoni. Sokoni alikwenda nayo, hospitali alikwenda nayo, na mumewe aliapa kwamba kuna siku alilala nayo. Alikuwa fundi wa nguo za kike, na alikuwa na sheria moja ambayo wateja waliijua kwa machungu: hashoni mwili wa ahadi. Ukimwambia, "Fundi, nibanie hapa kiunoni, mpaka siku yenyewe nitakuwa nimepungua," anakutazama juu ya miwani, anakupima hivyo hivyo ulivyo, kisha ndani ya mshono anakuachia kitambaa cha vidole viwili kila upande. Hicho alikiita akiba. "Mwili una mambo yake," alizoea kusema. "Nguo isiyo na akiba ni ugomvi unaosubiri siku."

Ndiyo maana alichokifanya mwaka ule binti yake alipoolewa hakisameheki kirahisi.

Binti alinunua kitambaa kimoja kwa ajili ya watu wawili, mama yake na shangazi yake. Kilikuwa cha zambarau, kizito, kinachoteleza mkononi, na mwenye duka alisema wazi kwamba hakuna kingine. "Nataka niwaone mmevaa kimoja, mmekaa pamoja," binti alisema, "nijue nimetoka kwa watu." Mama Futi alijifanya anatafuta sindano, maana macho yalikuwa yamemlowa.

Huyo shangazi, yaani wifi yake Mama Futi, alikuwa muuguzi wa zahanati, mwanamke wa macho makali na ulimi usiojua likizo. Alipokuja kupimwa alivuta tumbo ndani, akasema, "Wifi, nibanie. Nimeanza kujinyima."

"Pumua, wifi," Mama Futi alimjibu kwa raha zake zote. "Hapa hatushoni ahadi." Akamkatia gauni lenye akiba kamili. Wifi alinuna mpaka mlangoni.

Kumbe na fundi mwenyewe alikuwa anajinyima, kimyakimya. Ameacha mkate, ameacha wali, ameacha sukari kwenye chai, na mizani ya kusimamia ameificha nyuma ya pazia la chumba cha kujaribia nguo. Wiki ya kwanza mizani ilimpenda. Kila asubuhi akipanda, inashuka. Wiki ilipokwisha zilikuwa zimekwenda kilo tatu nzima. Mama Futi akapiga hesabu zake: kama wiki moja imetoa tatu, mpaka harusini si nitabaki msichana? Akachukua kitambaa chake, akachora kiuno cha mwanamke ambaye hajawahi kumwona, akakata. Na ili asiwe na pa kukimbilia, akakata bila akiba. Vipande vilivyobaki akavishonea maua ya nywele ya wasindikizaji wa bibi harusi, akayagawa siku hiyo hiyo.

Wiki ya pili mizani ikaanza vituko. Leo inashuka nukta, kesho inapanda. Asubuhi moja, baada ya chakula cha jioni cha majani na bakuli la supu ya paketi, alikuta kilo moja na nusu imerudi kama mgeni aliyesahau mwavuli. Supu! Maji ya moto yenye harufu! Akaisogeza mizani kwenye sakafu iliyonyooka. Akavua hereni. Akatoa pumzi yote kifuani. Akavua na futi, jambo ambalo hata kwenye picha ya kitambulisho alikataa kulifanya.

Mumewe alichungulia pazia. "Mke wangu, vua na meno, labda itashuka."

Kandambili ilimkosa kidogo.

Hapo ndipo Mama Futi alipopata wazo aliloliona lina akili sana. Maji ni mazito. Aliyewahi kujitwika ndoo hahitaji kufundishwa. Basi akaacha kunywa maji. Siku nzima midomo imekauka, kichwa kinagonga, na yeye yuko kwenye cherehani kuanzia asubuhi, maana msimu wa harusi haukuwa wa binti yake peke yake. Jioni viatu vikagoma kuingia. Asubuhi mizani ikaongeza nusu kilo nyingine, na Mama Futi akaketi sakafuni nyuma ya pazia, akaogopa kweli. Hakuogopa unene. Alijiona yuko harusini na gauni la zamani, wifi yake yuko kwenye zambarau peke yake, binti anawatafuta wawili kwa macho anaona mmoja.

Wifi alikuja mchana huo kujaribu gauni lake. Alimkuta fundi ameegemeza miguu kwenye stuli, soksi zimemchora mistari juu ya vifundo. Hakusalimu. Aliinama akambonyeza mguu kwa kidole gumba, na shimo dogo likabaki pale pale.

"Siku mbili hizi umekula nini?"

"Majani."

"Na nini?"

"Kasupu tu, wifi."

"Kale ka paketi? Hako si kasupu, hako ni chumvi iliyovaa nguo. Na maji umekunywa?"

Mama Futi akatazama dari.

"Haya, nimeelewa." Wifi alitoa kipima presha mkobani, akampima, akaridhika, akamjazia bilauri ya maji na kusimama juu yake mpaka ikaisha. Uvimbe ungekuwa haushuki hata akilala, alimwambia, angempeleka kwa daktari leo hii kwa kumburuta. Kisha akalifunua lile pazia kwa mkono mmoja, akaiona mizani. "Ahaa. Kumbe mmehamia huku wawili."

Ikabidi Mama Futi aseme yote, isipokuwa habari ya gauni. Kilo tatu za wiki ya kwanza, vituko vya wiki ya pili, kandambili. Wifi alisikiliza akitikisa kichwa.

"Zile tatu, nyingi zilikuwa maji," alisema. "Mwili unaweka wanga wa akiba, na huo wanga unashikilia maji. Ukiacha wali na mkate, unatumika, maji yanatoka nao, wewe unashangilia. Halafu ukila chumvi, maji yanashikwa. Ukikaa kutwa kwenye kiti, yanashukia miguuni. Ukijinyima kunywa, figo zinayabana yaliyopo. Mafuta hayaji kwa usiku mmoja, wifi, wala hayaondoki kwa usiku mmoja."

Mama Futi alikuwa anatazama beseni pembeni ya cherehani. Ndani yake alikuwa ameloweka bitana ya pamba, kama anavyofanya siku zote kabla ya kukata, isije ikasinyaa baada ya kushonwa. Alinyanyuka taratibu, akaitoa ikichuruzika, akaibwaga juu ya mizani. Mkono wake ulikumbuka jinsi alivyoibeba ikiwa kavu, nyepesi isiyomchosha hata mtoto. Sasa mshale wa mizani uliruka.

"Lakini bitana ni ile ile," alisema.

"Ni ile ile."

"Haijaongezeka hata uzi."

"Unaniloweshea viatu, wifi."

Kisha muuguzi akauliza swali ambalo mtaa mzima ungelicheka: "Na futi inasemaje?"

Mama Futi alishika shingo. Futi ilikuwepo. Ilikuwepo siku zote. Amepima viuno vya watu kutwa, wiki nzima, na chake hajakipima hata mara moja tangu aanze kujinyima. Akajizungushia palepale, akasoma, akasoma tena. Kiuno alichokijua kwa moyo miaka yote kilikuwa kimepungua upana wa kidole kizima. Mizani ilikuwa inapiga kelele, na kiuno kinaendelea na safari yake bila kumwambia mtu. Alifurahi kwa muda wa kumeza mate. Halafu akakumbuka gauni.

"Lete basi na lako tulione," wifi alisema, kama aliyesikia mawazo.

Likaletwa. Likavaliwa. Zipu ilipanda mpaka katikati ya mgongo ikakataa katakata. Wifi aliugeuza ukingo wa mshono, akauchunguza kwa kidole, akauchunguza tena.

"Akiba iko wapi?"

"Sikuweka."

"Wewe?"

"Mimi."

Wifi alicheka mpaka akaketi juu ya marobota. Alicheka akashika mbavu, akafuta machozi, akaanza upya. Aliponyamaza ndipo aliposikia kwamba mwenzake hacheki, analia, na zipu iko wazi mgongoni.

Wifi aliinuka. Akachukua gauni lake jipya la zambarau, akaligeuza ndani nje, akavinyoosha vile vidole viwili vya kitambaa vilivyolala ndani ya mshono, kushoto na kulia, mbele na nyuma, kutoka kwapani mpaka pindoni.

"Na hii ni nini?"

"Akiba yako."

"Fumua."

"Wifi, nikiitoa hutakuwa na pa kujitanua. Ukinenepa hata kidogo..."

"Siku ile nilikuomba unibanie, ukanitangazia sheria. Haya, sasa nibanie. Na wewe kesho kunywa maji."

Asubuhi ya harusi, kwa kuwa jana yake nyumba ilikuwa imejaa wageni na sufuria, mizani ilipanda kilo nzima. Mama Futi aliitazama, akainua glasi yake ya maji kama anayemtakia mtu afya, akaenda kuvaa. Zipu ilipanda mpaka juu. Mbavuni, kila upande, palikuwa na utepe mwembamba wa kitambaa ambao hakuna mgeni aliyeuona.

Ukumbini walikaa pamoja, wamenyooka, wakipumua kwa adabu. Keki ilipofika mbele yao, wakatazamana.

"Kesho mizani itasema," Mama Futi alinong'ona.

"Itakuwa maji."

"Na keki?"

"Keki ni keki, wifi. Kula, ila usinichekeshe, sina akiba."

Bibi harusi alikuja akiwa ameshikilia shela, akawaona wawili kwenye zambarau moja, akawakumbatia wote kwa pamoja kwa nguvu zake zote. Mshono wa mmoja wao ulilia kidogo ubavuni. Hakuna aliyeachia.