Kigango cha Baba kwa Bwana Shauri

Baba alikuwa amesimama karibu na dirisha, kati ya michoro ya ng'ombe na kiti cha mzungu. Wengine wangeona mti tu. Mimi niliona kigango, nguzo ya kuchongwa ya marehemu, nilichokisimamisha mwenyewe kule Tarasaa, baada ya marehemu baba kunijia ndotoni akilalamika baridi. Vitambaa vyake walikuwa wamemvua.

Kwetu Wagiriama ukihama, kigango hukihamishi; kiking'olewa, marehemu hulipiza kwa jamaa zake. Mafuriko yalipokuja wakubwa wa serikali walituamuru tuhame, nikakiacha. Niliporudi nilikuta shimo. Mwaka uleule mke wangu Kache akafa kwa uchungu wa tumbo, barabara imekatika, na boti yao eti haina mafuta. Sasa binti yetu Christine ana mimba ya miezi minane na damu inamtoka. Jirani aliyepaka rangi nyumba hii ya zamani ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa kikoloni, walipoigeuza makumbusho, ndiye aliyeniambia baba yuko huku.

"Mzee, usivuke kamba," alisema Dida, mlinzi, Muorma mwenye ndevu za hina.

"Huyu ni baba yangu."

"Hapa wakubwa wameandika hajulikani."

"Wakubwa wako ukiwauliza baba zao wenyewe watatafuta faili."

Dida akacheka, mpaka aliponiona natoa chupa ya pombe ya mnazi. Nilimwogopa mlinzi, lakini nilimwogopa zaidi huyo mwenye macho yasiyofumba.

Nikamimina miguuni pake. "Baba, si mimi niliyekung'oa. Kache umeshamchukua. Christine niachie."

Mnazi ukasimama juu ya mbao za sakafu. Haukuingia. Ukatambaa hadi kiatu cha Dida.

"Futa, mzee."

"Hajanywa," nilisema. "Mbao hazimfikishii. Anataka udongo."

Nikavuka kamba, nikamkumbatia. Alikuwa mzito kama maiti. Nilingoja kushikwa, lakini Dida alirudi nyuma hadi ukutani.

"Mimi sigusi hicho," alisema kwa sauti ndogo. "Mlango wa nyuma hauna kufuli."

Nilitokea huko nyuma, nikachimba kwa mikono katikati ya maua ya makumbusho, nikamsimamisha, nikamimina mnazi uliobaki. Ardhi ikaunywa mara moja. Nikampigia Christine simu kwa vidole vyenye matope.

"Baba, mbona unahema hivyo?"

Nikamuuliza kama amekula. Lile lililonileta, kama damu imekatika, sikuthubutu kuliuliza.