Risasi Haruhusiwi Kukimbia

Tangu aolewe katika ukoo wa mumewe, fundi cherehani na wifi yake walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Wifi mtu alikuwa mwalimu wa michezo, filimbi shingoni na sauti ya kujaza uwanja. Kitu pekee walichogawana, tena kwa kuvutana, kilikuwa binti wa fundi, ambaye shule nzima ilimwita Risasi kwa mbio zake.

Mafua yalipita nyumba nzima, yakaondoka, wakayasahau. Wiki kadhaa baadaye Risasi akashikwa na homa isiyosikia dawa. Macho yakamwiva, midomo ikapasuka, vipele vikatapakaa kifuani, na tumbo likamkata hata akajikunja.

"Anadeka tu," wifi alisema akiwa amesimama mlangoni. "Mashindano yako karibu, na wewe unamlea kama yai."

Fundi alimbeba binti yake mgongoni, miguu mirefu ya mtoto ikining'inia, akampeleka hospitali.

Daktari wa moyo aliwaeleza wote wawili, fundi na wifi aliyewafuata. Virusi vya yale mafua vilikuwa vimekwisha, lakini kinga ya mwili haikutulia. Iliugeukia mwili wenyewe. Msuli wa moyo ulikuwa umevimba na kulegea, na mshipa mmoja unaoulisha moyo damu ulikuwa umetanuka kama puto. Mtoto akatundikiwa dripu, homa ikashuka, akaruhusiwa kurudi nyumbani kwa sharti moja: asikimbie wala kuruka mpaka moyo upimwe tena.

"Anakula, anacheka, anagombana na wenzake," wifi alisema sebuleni. "Anaumwa nini huyo?"

"Moyo. Ulisikia kwa masikio yako."

"Nilisikia daktari mwoga. Wewe ndiye unataka akae kitako karibu na cherehani, awe kama wewe."

Mume wa fundi, kaka yake yule mwalimu, alijitia kusoma gazeti.

Alasiri moja Risasi alichelewa kurudi. Fundi aliitazama saa, akaliacha gauni la bibi harusi mezani na pini zake, akaenda shuleni moja kwa moja. Alimkuta uwanjani, amevaa viatu vya mbio ambavyo shangazi alikuwa amemfichia, midomo imepauka. Mwalimu alikuwa akipiga kelele: "Maliza! Usilegee!"

Fundi aliingia kati, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni, akamdaka mtoto, akamwekea kiganja kifuani. Moyo ulikuwa ukipiga hovyo, unaruka pigo, unakimbilia mengine. Akamgeukia wifi, akaikwapua filimbi hadi kamba ikakatika.

"Huyu si kikombe cha kupamba kabati la shule!"

"Wala si kitambaa chako, umkate utakavyo!"

"Niache, mama!" Risasi alijaribu kujichomoa. "Shangazi ndiye ananipenda. Wewe unataka nife nimekaa!"

Maneno hayo yalimwingia fundi kama sindano chini ya ukucha, lakini mkono wa mtoto hakuuachia.

Kesho yake walirudi kwa daktari. Wifi naye alikuja bila kuitwa, akasimama ukutani, mikono kifuani. Daktari alipitisha kifaa kifuani mwa Risasi, akaonyesha kwenye skrini.

"Mshipa huu bado mpana. Damu inaweza kuganda humu. Akikimbia, anaweza kuanguka palepale uwanjani." Akageuka. "Nani alimkimbiza?"

"Mimi mwenyewe," Risasi alisema haraka. "Hakuna aliyenituma."

Wifi aliinamisha kichwa, akamwacha mtoto abebe mzigo wake.

"Ni huyo hapo," fundi alisema, akimnyooshea kidole. "Shangazi yake. Na kuanzia leo nyumbani kwangu hakanyagi."

"Nyumba ni ya kaka yangu."

"Basi kaka yako achague."

Hakuchagua, hakuwa mtu wa kuchagua. Fundi alibadilisha kufuli mwenyewe. Wifi alipogonga alijibiwa na mlio wa cherehani, mpaka akachoka.

Katika vipimo vilivyofuata mshipa ulianza kurudi polepole, na daktari akasema kuna matumaini. Risasi hakufurahi mbele ya mama yake. Kila asubuhi alinyoosha mkono huku akitazama ukutani, akapokea kidonge cha kuzuia damu kuganda, akakimeza, kisha akabamiza kikombe mezani.

Fundi alikichukua, akakiosha.