Jembe la Mgonjwa

Chumba cha ndani cha Theodosia kilikuwa na dirisha moja, nalo alikuwa ameliziba kwa mablanketi mawili ili sauti za mbuzi na pikipiki zisiingie. Humo ndimo alimofanyia kazi. Kila asubuhi, akishawamwagia kuku pumba, alijifungia, akajifunika kitenge kichwani na kusoma sentensi zilizotokea kwenye simu, moja baada ya nyingine. "Naomba unipeleke stendi." "Bei ya maharage imepanda." "Umefika salama?" Kampuni moja ya mbali ilikuwa ikikusanya sauti za watu ili mashine zijifunze kuwaelewa, na ilitaka hasa Kiswahili cha watu wa Kibondo, chenye lafudhi ya Kiha. Ilikuwa kazi isiyochafua mikono. Ila tangu mumewe afariki na binti yake Claudine ahamie Mwanza, zilikuwepo siku ambazo Theodosia alitamka sentensi mia tatu bila kumwambia mtu neno.

Jirani yake Vestina aliiona kazi hiyo kama mzaha. "Mama Claudine, kumbe mtu hulipwa kwa kuongea peke yake? Basi mama mkwe wangu angekufa tajiri."

Mwezi wa tatu uvimbe ulimtokea shingoni, akaambiwa aende Kasulu kufanyiwa upasuaji. Simu kubwa alimwachia Vestina pamoja na funguo za nyumba, maana aliogopa kuibiwa wodini. Yeye akaondoka na kitochi, simu yake ndogo ya vitufe. Alilala hospitali siku kumi na sita.

Aliporudi alikuta maharage yake yamepaliliwa mistari yote. Hakushangaa. Pale kwao jembe la mgonjwa halilali: mtu akiugua, majirani hulima shamba lake kwa zamu, tena hulilima kama la kwao, na hakuna anayeuliza nani kawatuma. Kilichomshangaza ni Vestina kumkabidhi simu kwa mikono miwili, kama anayerudisha mtoto aliyemlea vizuri.

"Na hili jembe lako la pili nalo halikulala," alisema Vestina. "Kila jioni nimekusomea sentensi zako. Hata kitenge chako nilijifunika."

Theodosia alishukuru kwa sauti iliyokuwa bado inakwaruza. Akaingia ndani, akafungua simu, akasimama hapo hapo mlangoni. Ujumbe ulisema kwamba sauti mbili zimesikika kwenye akaunti moja, kwamba huo ni udanganyifu, na kwamba kazi yake imesitishwa.

Aliusoma mara tatu, taratibu, kama alivyozoea kusoma sentensi za kazi. Kazi hiyo ndiyo iliyomnunulia chumvi na sabuni, na sasa ilitakiwa imnunulie dawa, kwani daktari alisema vidonge vile atavimeza kila siku mpaka mwisho wa maisha yake. Aliiandikia kampuni akieleza kuwa alikuwa amelazwa. Jibu lilikuja kabla hajaiweka simu chini, nalo lilikuwa ujumbe ule ule. Akaandika tena kesho yake. Likaja lile lile.

Wiki iliyofuata, siku ya kurudi hospitali kuonyesha kidonda, alipitia ofisi ya kazi pale Kasulu. Afisa alimpa kiti, akasoma mkataba kwenye simu bila haraka, kisha akamuuliza mwajiri wake ni nani. Theodosia hakuwa na jina la kutaja. Mkataba wenyewe ulisema hana mwajiri, kwamba yeye ni mtu huru aliyejiajiri. Afisa alisema kwa upole kwamba likizo ya ugonjwa hutolewa na mwajiri, na hapa haoni wa kumwandikia barua. Akamweleza pia kuwa waliojiajiri wanaweza kujiwekea akiba ya uzeeni wenyewe, kila mwezi. Theodosia aliitikia. Hakuuliza mtu huweka nini mwezi ambao hana kazi.

Kutoka hapo alikwenda kwenye duka la simu la Asia, binti aliyemwunganisha na kazi ile tangu mwanzo. Asia alitafuta muda mrefu, mpaka akapata fomu ya rufaa.

"Hii hapa, mama. Husomwa na mtu, si mashine."

Fomu ilikuwa fupi. Ilimtaka achague moja kati ya mawili: mtu alitumia akaunti yangu bila ruhusa, au nilimruhusu. Akichagua la kwanza, akaunti ingeweza kurudishwa, lakini aandike jina kamili la mtu huyo, naye atafungiwa kazi zote za kampuni na huenda akachukuliwa hatua. Akichagua la pili, akaunti itafungwa moja kwa moja.

"Ulimruhusu?" Asia aliuliza.

"Hapana. Nilikuwa wodini."

"Basi bonyeza la kwanza. Ni jina tu, mama. Hao hawatafika Kibondo."

Theodosia aliandika Vestina. Akaandika na jina la pili, Niyubahwe, akaishia hapo. Wazazi wa Vestina walivuka kutoka Burundi wakiwa na sufuria moja, na Vestina mwenyewe alikwisha kusimama kwenye foleni nyingi za wakimbizi maishani mwake akisubiri jina lake lisomwe. Hata leo akiona mtu ameshika karatasi yenye majina, husogea nyuma. Kwamba hakumruhusu ilikuwa kweli kabisa. Lakini hata palizi hakuwa ameiruhusu.

Alifuta herufi moja baada ya nyingine. Kisha akabonyeza la pili, akamrudishia Asia simu amalizie kutuma.

"Mama, umedanganya," Asia alisema taratibu.

"Ndiyo."

Basi lilimshusha Kibondo jua likiwa bado juu. Vestina alikuwa barazani akipepeta maharage, akamuuliza kama amefika salama, kisha akauliza habari za kidonda, halafu za kazi.

"Kazi imekwisha," Theodosia alisema.

"Imekwisha vipi? Kwani maneno huisha?"

"Wamepata ya kutosha."

Vestina alicheka, akasema labda ni yale aliyowaongezea yeye ndiyo yaliyojaza ghala lao. Theodosia alicheka pia, kadiri koo lilivyoweza.

Ndani, alipanda kwenye kiti akateremsha mablanketi. Moja lilikuwa la Vestina, la kuazima; alilikunja vizuri aweze kulirudisha kesho. Mwanga ukaingia, ukaonyesha vumbi juu ya kitanda na kitenge kikiwa kwenye msumari. Alikaa. Nje mbuzi alilia kwa nguvu, mara mbili, na hakuna kazi iliyoharibika.