Trekta la Mvuke la Zahanati ya Chilunje

Siku trekta la mvuke lilipochemka lenyewe kwa mara ya kwanza, muuguzi Evodia alikuwa barazani pa zahanati ya Chilunje, anapima watoto uzito. Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa Agosti, mwaka 1996. Mzani ulining'inia kwenye boriti, na ndani ya mfuko wake mtoto wa miezi saba alikuwa analia kwa baridi ya asubuhi. Evodia alisoma kilo sita na nusu, akaandika kwenye kadi, kisha akatupa jicho ng'ambo ya barabara, kwenye ghala la ushirika. Bomba la trekta lilikuwa linatoa mvuke mweupe.

"Nani kaliwasha?" aliuliza.

"Hakuna mtu," alijibu mama wa mtoto. "Limeanza tangu niko kwenye foleni."

Evodia akaita mtoto mwingine.

Trekta hilo liliachwa pale na watu waliochonga barabara zamani za Waingereza. Lilikuwa na boila refu lililolala kama pipa, bomba la moshi mbele, kiti kimoja nyuma, na magurudumu ya chuma, yale ya nyuma yakimzidi kimo mtu mrefu. Lilikuwa la kutumia kuni na maji, na kwa miaka arobaini halikupata kuni wala maji. Ushirika ulijenga ghala ubavuni mwake kwa kuwa hakukuwa na wa kulisogeza. Ushirika ulipokufa, trekta likabaki. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuja mara mbili, wakalizunguka, wakasema lori lao halitaliweza.

Kufikia saa nne lilikuwa limetoka kivulini na kusimama katikati ya barabara. Hapo akafika Mzee Nikodemo. Nikodemo alichochea moto kwenye injini za moshi za reli kwa miaka kumi na tisa, akahamishiwa karakana injini za dizeli zilipoenea, na mwaka 1993 akapunguzwa kazini pamoja na wenzake, akarudi kijijini kulima uwele. Alifungua mlango wa tanuri, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko.

"Moto hamna," alimwambia Evodia. "Mvuke upo wa kutosha. Kinachopungua ni maji."

Akina mama wa kliniki wakaleta ndoo sita. Nikodemo alifunga nyuma ya trekta tela bovu la ushirika, akapanda kwenye kiti, akashika usukani. Hakuhitaji kuugeuza. Trekta lilipita kisimani, likapita kanisani, likasimama mlangoni kwa Sikudhani, ambaye alikuwa anatwanga.

"Shikamoo, Mzee," alisema Sikudhani.

"Marahaba. Unajisikiaje?"

"Mzima. Bado wiki mbili."

"Panda kwenye tela."

"Sijasikia kitu, Mzee."

"Najua. Panda tu. Sista Evodia anakuja na godoro."

Evodia alimpapasa tumbo pale pale mlangoni, akakuta mtoto amelala kimkingamo. Sikudhani akamwachia jirani mtwangio, akaenda kuchukua kanga zake.

Hospitali ya masista ilikuwa ng'ambo ya mbuga, kilomita thelathini na nane, na trekta lilikuwa na mwendo wa mtu anayewahi mnadani. Uchungu ulimwanza Sikudhani jua linazama, wakati mapaa ya hospitali yameshaonekana. Akapasuliwa, akapata binti wa kilo tatu. Kwenye fomu ya rufaa, mahali palipouliza mgonjwa kaletwa kwa usafiri gani, Evodia aliandika: trekta la mvuke. Sista wa mapokezi akagonga muhuri.

Zahanati ilikuwa na gari lake. Wafadhili walilileta mwaka 1994, Landrova nyeupe yenye jina la Chilunje mlangoni. Lilifanya kazi wiki kumi na moja. Kisha ofisi moja mjini Dodoma, iliyopewa usimamizi wa magari ya aina hiyo, ikaliita kwa matengenezo, na halikurudi. Watu wa Chilunje waliokwenda mjini walilikuta mtaa wa Kikuyu likishusha watoto wa shule. Mwingine alilikuta limebeba viti vya harusi. Evodia aliandika barua saba, na mara saba alijibiwa kwamba matengenezo yanaendelea.

Katika muda huo wanawake wanne walifia njiani. Wa nne alikuwa Aneth, binti yake Nikodemo. Wanaume wanane walimbeba kwa kitanda, wakipokezana. Walipofika kwenye ghala wakakitua kitanda kando ya trekta ili wabadilishane mabega. Aneth alinyoosha mkono, akashika ukingo wa gurudumu, akasema chuma kina ubaridi mzuri, wamwache kidogo. Wakamwacha kidogo. Walipoinama kukinyanyua kitanda alikuwa ameshakata roho, na ilibidi baba yake amfungue vidole kimoja kimoja.

Hayo yalikuwa ya mwezi wa Juni. Agosti trekta likachemka. Kijijini hakuna aliyeyataja mambo hayo mawili kwa pamoja, na Nikodemo hakuulizwa. Yeye alilipaka grisi, akaziba tela kwa mbao, akaliezeka kwa turubai.

Muda si mrefu Evodia aliielewa tabia ya trekta. Halikuchemka kwa kila mjamzito. Wengi walijifungua salama pale zahanati, nalo likakaa baridi, kuku wakitaga chini yake. Lilichemka kwa yule tu ambaye pale zahanati angeshindikana, na lilichemka kabla yeye mwenyewe hajajua. Mwendo halikuwa nao, ila liliwahi kuondoka. Kila kaya ikaweka kando ndoo moja ya maji kwa ajili yake, na kiangazi cha mwaka 1997, watu walipokuwa wananawa kwa kikombe, ndoo hizo hazikuguswa. Wanawake kumi na tisa walipelekwa, na kumi na tisa walirudi.

Evodia aliyaandika yote hayo katika barua ya nane, kwa kuwa hakuwa na desturi ya kuficha kitu. Aliongeza kwamba gari bado linahitajika, maana trekta haliwachukui waliogongwa na nyoka wala watoto wenye degedege.

Januari mwaka 1998, katikati ya zile mvua zilizoifanya mbuga yote kuwa ziwa, ofisa aliyehusika na magari alikuja kujionea. Jina lake Gaudence. Alikuwa mtu mpole, mwenye miwani na mkoba wa ngozi, na alikuja kwa Landrova ile ile. Jina la Chilunje lilikuwa limepakwa rangi, lakini lilisomeka.

Asubuhi hiyo hiyo trekta lilichemka, likaenda kusimama mbele ya duka la Hasani. Hasani alitoka Kondoa biashara zilipofunguliwa, akaanza na sabuni na betri za redio, sasa alikuwa na mashine ya kusaga. Mkewe, Mwantum, alikuwa na mimba ya miezi saba na nusu. Hasani alilitazama trekta, akamtazama na Nikodemo.

"Mzee, mke wangu bado wiki sita," alisema. "Na leo gari liko hapa. Siwezi kumrusharusha kwenye tela na gari lina siti."

"Kamwombe basi," alisema Nikodemo.

Hasani alimkuta Gaudence zahanati, anakunywa chai na wajumbe wa serikali ya kijiji. Akaeleza. Gaudence alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nakuelewa sana, ndugu yangu," alisema. "Ila gari la ofisi lina utaratibu wake. Ngoja nimalize kikao, halafu tutaona."

"Kikao kinaisha saa ngapi, bosi?"

"Hakitachelewa."

Hasani aliporudi na jibu hilo, Mwantum alikuwa ameshakaa kwenye tela, kifurushi mapajani.

"Baba Mwanaidi," alisema, "funga duka twende."

Wakaondoka, Nikodemo kwenye kiti, Evodia na Hasani kwenye tela pamoja na mgonjwa. Mvua ilikuwa inanyesha bila papara. Saa nane Landrova iliwapita, maana njia ya mjini na ya hospitali ilikuwa moja mpaka ng'ambo ya mbuga. Dereva alipiga honi kwa heshima. Baada ya nusu saa waliikuta imezama mpaka kwenye vitasa vya milango. Gaudence alikuwa amesimama juu ya boneti, mkoba kwapani, viatu mkononi.

"Mzee, mnaweza kutuvuta?" aliuliza.

"Naweza," alisema Nikodemo. "Ni kazi ya saa nzima."

Alimgeukia Evodia. Evodia alikuwa ameinua kanga ya Mwantum. Damu ilikuwa imeanza, nyekundu, bila maumivu yoyote.

"Saa nzima hatuna," alisema Evodia.

Mwantum aliinua kichwa. Aliuona uso wa yule mtu juu ya boneti, akaviona na viatu.

"Mwambieni apande," alisema. "Nafasi ipo."

Dereva akabaki kulinda gari. Gaudence akapanda kwenye tela, akakaa pale alipoonyeshwa. Turubai lilikuwa linavuja juu ya kichwa cha Mwantum, kwa hiyo Evodia alimpa Gaudence mwavuli, akamwambia aushike hapo na asiusogeze. Hasani alikuwa ameshika miguu ya mkewe juu ya gunia la pumba, anasoma dua kimyakimya. Magurudumu ya chuma yalikata tope mpaka chini kwenye udongo mgumu, na trekta likaendelea kwa mwendo wake ule ule.

Kwa saa tatu Gaudence alishika mwavuli. Mkono wa kulia ulipokufa ganzi alihamishia wa kushoto. Mwantum alipohisi baridi alimshika kifundo cha mguu kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu, na Gaudence hakukivuta.

"Una watoto?" Mwantum alimuuliza.

"Watatu, mama."

"Ulikuwepo walipozaliwa?"

Gaudence alifikiri. "Nilikuwa safarini," alisema. Baadaye akasema, "Mara zote tatu."

"Haya. Ushike vizuri huo mwavuli."

Hospitalini damu ya akiba ilikuwa imekwisha. Ya Hasani haikulingana na ya mkewe, ya Evodia haikulingana, ya Nikodemo masista waliikataa kwa umri wake. Ya Gaudence ililingana. Alilala kwenye benchi, shati limekunjwa, tope limemkauka mpaka magotini, akatoa chupa nzima, akauliza kama chupa moja inatosha. Mtoto wa kiume alitolewa saa mbili usiku, ana kilo mbili kasoro, wakamfunga kwa pamba. Mwantum alizinduka alfajiri, akaomba uji.

Hasani alimshika Gaudence mikono yote miwili. Gaudence alivua miwani, akaifuta kwa tai, akajifuta na macho kwa tai hiyo hiyo. Akasema hajawahi kuona kitu kama kile na hatakisahau. Wote waliokuwepo walimwamini, na walikuwa na haki ya kumwamini. Kesho yake Nikodemo alirudi mbugani, akaitoa Landrova kwa mnyororo. Dereva akaiosha kwenye dimbwi, akampitia bosi wake hospitali, wakaenda mjini.

Barua ilikuja mwezi wa Machi. Mwenyekiti wa kijiji, Batholomeo, aliisoma kwenye mkutano wa hadhara mbele ya ghala, amesimama juu ya kreti la soda. Mpunga wa mbugani ulikuwa umekubali mwaka ule, na watu walikuwa na nyuso za shibe.

Gaudence aliandika kwamba amejiridhisha kwa macho yake kuwa kijiji cha Chilunje kina usafiri wa uhakika wa wajawazito, usiotumia mafuta wala vipuri. Aliandika kuwa huo ni mfano bora wa wananchi kuchangia huduma zao wenyewe, na kwamba ameueleza kwa wakubwa wake kwa kirefu. Kwa sababu hiyo amependekeza, na imekubaliwa, kwamba gari la Zahanati ya Chilunje libaki ofisini moja kwa moja. Chini, kwa mkono wake, aliongeza: Msalimieni sana Mwantum na mtoto.

Mwantum alikuwa amekaa mbele, mtoto amelala mgongoni.

"Kaandika kwa ubaya?" aliuliza.

"Hapana," alisema Evodia. "Kaandika kwa moyo mweupe kabisa."

"Basi na sisi tumjibu."

"Nitaandika leo. Itakuwa ya tisa. Safari hii utatia sahihi na wewe."

"Niandikie jina, nitaweka dole gumba."

Sikudhani alisema na yeye ataweka. Wengine nyuma yake wakasema na wao, mpaka Evodia akamwomba mwenyekiti daftari lenye mistari, kwa kuwa karatasi moja isingewatosha.

Batholomeo alikuwa anageuza ukurasa ili asome kumbukumbu namba na nakala zimekwenda kwa nani, bomba la trekta lilipoanza kutoa mvuke. Nikodemo akainuka kwenye benchi, akavaa kofia. Katikati ya mkutano wanawake watatu wenye mimba walisimama, kila mmoja na kifurushi chake, maana tangu trekta lianze kuchemka hakuna mjamzito wa Chilunje aliyetoka nyumbani bila kifurushi. Walisubiri. Wanaume wakaenda kuleta ndoo.

Trekta likatoka kivulini, likageuka taratibu, watu wakalipisha, likasimama mbele ya mke wa mwenyekiti.

"Leo ni wewe," alisema Nikodemo.

"Haya," alisema yule mama. Akamkabidhi jirani ufunguo wa nyumba, akashika ubao wa tela, Sikudhani akamsukuma kwa nyuma akapanda.

Batholomeo alikuwa bado juu ya kreti. Alisoma mstari wa mwisho wa barua kwa sauti ile ile, kwa sababu ilikuwa barua ya serikali, kisha akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati.

"Ajenda zilizobaki," alimwambia katibu, "andika zimeahirishwa."

Akashuka, akapokea ndoo mikononi mwa mtu aliyekuwa karibu, akaimimina mwenyewe. Kisha akapanda kwenye tela, akakaa kando ya mkewe. Trekta likaondoka kwa mwendo wa mtu anayewahi mnadani, na nyuma yake watu waliendelea kupanga foleni mbele ya daftari la Evodia, vidole vyao vimeshapakwa wino.