Kilo Thelathini na Nane

"Si ya kuinua juu," mume wangu alimwambia mwenye duka. "Nataka ya kubeba hivi."

Akanyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu, kisha akapiga goti polepole katikati ya duka, kama mtu anayelaza kitu asichotaka kukiamsha. Rosebella, mama mcheshi aliyeuza vyuma vya mazoezi mjini Kakamega, hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, akatabasamu.

Miaka mitatu imepita, na bado nikilikumbuka tabasamu lile masikio yanapata moto. Nilijua alichowaza, kwa kuwa nami nilikuwa nikiwaza hicho hicho. Ni nani anayebebwa hivyo kama si bibi harusi?

Abdulfatah alikuwa na miaka arobaini na saba. Alikuwa fundi cherehani sokoni Matungu, mwenye mikono myembamba kama futi kamba aliyoivaa shingoni. Katika ndoa yetu ya miaka ishirini sikuwahi kumwona akikimbia, hata mvua ikimnyeshea. Halafu siku moja, akinywa chai, akasema anataka vyuma vya kufanyia mazoezi nyumbani. Dalili ya mvua ni mawingu. Nilivaa buibui langu nikamfuata mjini, eti kumsaidia kuchagua.

Rosebella alimwonyesha vyuma vifupi vya mkono mmoja, akakataa. Akamwonyesha mikanda ya mpira ya kuvuta, akakataa. Akamletea chuma kizito chenye mkono kama wa birika, akakishika, akakirudisha.

"Hiki kina mahali pa kushika," alisema. "Ninachotaka mimi hakina."

Mwishowe Rosebella akatoa mfuko mrefu wa turubai. "Huu wanajazanga mchanga. Unaanza na kilo kumi, unaongeza pole pole mpaka mia. Unataka ufike ngapi?"

"Thelathini na nane."

"Arobaini, basi."

"Thelathini na nane, mama. Isizidi, isipungue."

Tena akaomba mizani. Sisi watu wa miwa hatuamini uzito ulioandikwa na mtu mwingine. Tumeshaona tela limejaa shambani likafika kiwandani likiwa jepesi. Mfuko ukajazwa, ukapimwa, ukapunguzwa, ukapimwa tena, hadi mshale ukasimama pale alipotaka. Nilisimama pembeni nikiumia moyo. Mwanamume hupima kitu kwa makini namna ile anapokuwa anajua ukubwa wake.

Na nani anajua ukubwa wa wanawake kama fundi wa nguo?

Jirani yangu Navalayo, ambaye mumewe alikuwa mkata miwa, hakunisaidia. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema akipukuchua mahindi. "Na nyinyi dini imewaruhusu wanne. Kilo thelathini na nane? Hako ni kasichana kembamba, Sumaiya. Hako hakalangi obusuma, ugali hakaujui."

Basi nikaanza kuwapima wasichana wa Matungu kwa macho. Ashley wa duka la simu nilimkadiria arobaini na mbili, nikamwachilia. Dada mmoja mwuza maandazi nilimnunia wiki nzima bila kosa lolote. Nyumbani nilihesabu mashati ya mume wangu na kunusa kola zake. Niliogopa, nasema kweli. Nilimwogopa mwanamke ambaye sijamwona, atakayekuja kukaa jikoni kwangu akiniita dada.

Na ndani ya nyumba hiyo hiyo, kwenye chumba cha mbele, alikuwa amelala mama mkwe wangu, Bi Ayesha, akipungua mwezi hadi mwezi. Kadi yake ya kliniki niliiweka mimi mwenyewe kwenye droo. Niliifungua mara ngapi, nikaona uzito wake, nikaifunga. Wivu ulikuwa umenielekeza macho sokoni.

Ijumaa moja baada ya swala nilimwona Abdulfatah akipita nyuma ya nyumba na mfuko wake begani. Leo nitamshika, nilisema. Nikavua viatu nikamfuata, nikajificha nyuma ya migomba.

Kulikuwa na shimo la choo tulilokuwa tumeanza kuchimba, lililomfika mtu kifuani. Aliuweka mfuko ukingoni, akashuka. Akanyoosha mikono kama alivyofanya dukani, akauvuta mfuko ukamlalia mikononi. Mikono ilitetemeka, lakini haikuachia. Akapiga goti polepole. Akaulaza mfuko ubavu wa kulia, akaugeuza uelekee kibla, akafinyanga tonge la udongo akaliweka chini ya upande mmoja, pale ambapo ingekuwa shavu.

"Bismillahi wa ala millati rasulillah," alisema.

Maneno hayo ya kumlaza maiti kaburini hata sisi wanawake tunayajua. Nikakaa chini kwenye majani makavu, naye akasikia.

"Sumaiya?"

"Ni Mama," nilisema. "Thelathini na nane ni Mama."

Hakutoka shimoni. Aliegemea ukuta wa udongo akinitazama kutoka kule chini, na aliposema sauti yake ilikuwa ndogo.

"Siku ya Abu nilishika upande wa kichwa. Mikono ikaisha nguvu. Aliniponyoka. Kichwa chake kiligonga chini, nikasikia."

Abu alikuwa mdogo wake, pande la mtu, mpakiaji wa miwa. Tulimzika miaka miwili kabla ya hapo. Kwetu wanawake hawaendi makaburini. Tulibaki nyumbani tukipika, wanaume wakarudi, wakanawa, wakala wali. Hakuna aliyetuambia lililotokea kaburini.

"Wa kumpokea Mama kaburini nimebaki mimi tu," alisema. "Sitaki aanguke."

"Mimi nilidhani unaoa."

Alinikodolea macho. Kisha akacheka, akacheka mpaka akakaa juu ya ule mfuko, halafu akaruka upesi kama aliyemkalia mtu. Nami nikalia. Aibu niliyoisikia siku ile sijawahi kuisikia tena.

Kesho yake nilichinja kuku. Mchuzi wa ingokho, uji wa wimbi wenye maziwa, ndizi mbivu za kupondwa. Nilimlisha Bi Ayesha kwa kijiko asubuhi, mchana na jioni. "Huyu mkamwana ananinonesha kama ng'ombe wa Idi," aliwalalamikia wageni, lakini mdomo alifungua. Mwezi uliofuata kliniki waliandika arobaini. Baadaye arobaini na tatu. Kila kadi iliporudi, Abdulfatah aliisoma, akachukua koleo, akaenda kuongeza mchanga.

Bi Ayesha alikaa nasi mwaka mmoja na miezi minne zaidi, kisha akatutoka. Tulimwosha sisi wanawake, tukamvika sanda, kisha jeneza likabebwa mabegani, nami nikabaki mlangoni na wenzangu. Niliwasikia wakienda, sauti zikafifia kwenye miwa.

Alasiri wanaume wakarudi. Nilimtafuta mume wangu usoni kabla hajafika uani, nikashindwa kumsoma. Nilichukua birika, nikammiminia maji anawe. Udongo ulikuwa umeingia hadi kwenye kucha. Mikono ilikuwa imetulia.

"Alikuwa mzito," alisema.

"Najua. Nilikuwa namlisha."

Akaikunjua mikono, maji yakaendelea kumwagika. "Nilimlaza," alisema. "Polepole."