Siku ya Saba ya Fungate

Kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka nyeupe, na juu ya shuka mtu fulani, mtu mzima anayelipwa mshahara, alikuwa amepanga petali za waridi zikafanya umbo la moyo. Kando ya moyo huo walikaa bata wawili waliokunjwa kwa taulo, wamegusanisha midomo. Tryphosa aligeuza uso upesi, kama mtu aliyefungua mlango wa choo akamkuta mwenziwe ndani.

"Omollo, ondoa hicho," alisema akiutazama ukuta.

"Mama Edinah, hiki ni chumba tu. Hakuna mtu ndani."

"Watakuwemo. Ondoa."

Omollo, mwenye saiba, duka la intaneti, pale Kapsoya, alikuwa mwanamume wa makamo mwenye upara na subira. Alibonyeza, bata wakatoweka. "Sasa nikutafutie hoteli isiyo na kitanda?"

"Nitafutie picha ya mlango wa nje. Nikiuona mlango nitajua kama mahali pana heshima."

Tryphosa hakuwa mshamba. Alikuwa ameishi Eldoret miaka thelathini na minne, akiuza nguo za watoto sokoni, na macho yake yalikuwa yameona mengi. Lakini kwao Kimilili, alikozaliwa, mama mkwe na mume wa binti yake hawapeani mikono, hawali katika chumba kimoja, na zaidi ya yote, mama mkwe haangalii kitanda cha mkwe. Mahari ya Edinah ilipokelewa mwezi wa Agosti. Tangu siku hiyo Wahome alikuwa mkwe, na tangu siku hiyo Tryphosa hakuwa amemtazama usoni. Alimjua kwa viatu: vya rangi ya kahawia, vyenye ncha, viking'aa hata wakati Burnt Forest, alikokuwa na duka la mbegu na dawa za mifugo, ilipokuwa tope tupu.

Na sasa mwanamke huyo huyo, asiyeweza kumtazama mkwe usoni, alikuwa amekabidhiwa kumchagulia mahali pa kulala.

Mambo yalianzia kwenye viza ya fungate. Ubalozi ulitaka mpango wa safari wa siku kumi, siku moja baada ya nyingine: watalala wapi, wataona nini, watarudi lini. Edinah alikuwa muuguzi, na zamu zake hazikumwachia hata nafasi ya kushonesha gauni. "Mama, nipangie wewe," alisema. "Katika nyumba hii wewe ndiye mwenye mwandiko mzuri." Tryphosa alijifanya kukataa. Ukweli ni kwamba moyo ulimruka. Alikuwa na miaka miwili katika darasa la gumbaru, lile la watu wazima lililokutana kwenye ukumbi wa kanisa, na katika miaka hiyo hakuna aliyewahi kumwomba aandike kitu chenye maana. Alinunua daftari jipya, akapiga mstari mwekundu pembeni kama alivyofundishwa, akaandika juu: MPANGO WA SAFARI YA ULAYA, EDINAH NA MUMEWE.

Lakini kadiri Omollo alivyomfungulia Ulaya kwenye kompyuta, ndivyo fahari ilivyomgeukia kuwa kinyaa. Roma ilikuwa na bwawa mbele ya kanisa, na ndani ya bwawa wazee wa mawe wamesimama uchi wakimwaga maji, na watu wanapiga picha na watoto wao. Venisi ilikuwa na hoteli ambayo bafu lilikuwa katikati ya chumba, ukuta wake kioo kitupu.

"Anayeoga anaoga akitazamwa?" aliuliza.

"Anatazamwa na mumewe, Mama."

"Mume hana kazi nyingine ya kufanya?"

Walipofika Paris ilikuwa zamu ya chakula. Omollo alisoma: konokono, kwa siagi na vitunguu saumu.

"Konokono huyu huyu anayenilia sukumawiki?"

"Huyo wako ni binamu yake. Huyu wa Paris amesoma."

Tryphosa hakucheka. Mate yalimjaa mdomoni, na si ya hamu. Akaonyeshwa jibini yenye kuvu la buluu, watu wamelisha macho yao kwanza kabla ya kuila, akafunga daftari kwa muda, akapumua. Alipolifungua tena aliandika: *Chakula cha asubuhi, mkate na mayai.* Neno mayai akalipigia mistari miwili.

Siku ya saba pekee ndiyo iliyompendeza. Hapo aliandika polepole, ulimi ukimtoka kidogo pembeni mwa mdomo: *Kupanda mashua mtoni, saa kumi na mbili jioni, wawili.* Aliwaona wamekaa, koti moja juu ya mabega yao. Hakukuwa na kitanda katika picha hiyo, wala konokono.

Wahome alipita saibani mara mbili. Mara zote mbili aliingia kwa nyuma na kumwekea mkono begani. "Mathe! Tumefika wapi?" Manukato yake yalitangulia maneno. Tryphosa alijikunyata, akaviangalia viatu vya kahawia hadi mkono ulipoondoka. Alijisuta. Kijana ni Mkikuyu, alijiambia, hajalelewa hivi, hana nia mbaya. Ngozi yake haikukubali. Ilisisimka kana kwamba kitu chenye majimaji kimemtambaa.

"Panga upendavyo, Mathe," Wahome alisema mara ya pili. "Mimi nataka jambo moja tu. Siku ya sita tuwe tumefika Paris. Isipite hapo."

Tryphosa aliandika hivyo. Kisha viatu vilikwenda upande wa Omollo, na wanaume wawili wakazungumza kwa sauti ya chini kando ya printa.

Jumamosi mpango ulikuwa umekamilika. Omollo aliuchapa pamoja na tikiti, akazifunga karatasi zote kwenye bahasha. Jumatatu zingepelekwa Nairobi, lakini kabla ya hapo, Jumapili alasiri, kamati ya harusi ingekutana nyumbani kwa Tryphosa kuziombea, na Edinah angetia sahihi.

Tryphosa alizifungua mezani kwake ili alinganishe na daftari, mstari kwa mstari, kidole chini ya kila neno. Karatasi ya tisa haikuwa na mwenzake daftarini. Ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza chake kilikuwa bado kichanga, lakini majina ni majina. Wahome Gikonyo. Paris. Hamburg. Tarehe aliijua, kwa maana aliihesabu mwenyewe: ni siku ya saba. Saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri. Abiria: mmoja.

Alivaa viatu akarudi saibani.

Omollo alipoiona karatasi mkononi mwake, uso ulimsawijika. "Hiyo nimekosea, Mama. Aliniambia nisiichanganye na zenu."

"Hamburg kuna nini?"

"Binamu yake. Hii ni ya basi."

"Na maneno haya mawili hapa?"

"Ni kwenda tu. Bila kurudi."

"Na mtoto wangu?"

Omollo alichukua kitambaa akaanza kufuta kioo cha kompyuta ambacho kilikuwa safi. "Tikiti ya Edinah ni ile ile. Nairobi, siku ya kumi." Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akamaliza yote. "Mara mbili nimemjazia fomu ya viza akiwa kapera, mara mbili ubalozini wakamkataa. Mwenye bibi, tena bibi nesi, mwenye kazi yake hapa, huyo wanaamini atarudi. Mimi ni wa kuchapa tu, Mama."

"Ndiyo," alisema Tryphosa. "Umechapa vizuri."

Nyumbani alimkuta mumewe, Wabuge, akinywa chai. Alimwekea karatasi mbele na kumweleza. Alingoja ashtuke. Wabuge alipuliza kikombe.

"Jeconia alinidokezea," alisema. Jeconia alikuwa binamu yake, mwenyekiti wa kamati. "Kijana anaenda kujitafutia. Akishika karatasi za huko, atamwita."

"Anamwacha hotelini kama mwavuli, Baba Edinah!"

"Wewe nawe. Wangapi wameanza hivyo?"

"Edinah anajua?"

"Ataambiwa huko huko. Ukimwambia sasa atalia, na kadi zimeshasambazwa hadi Moiben. Mkwe ni mtu wa maono. Mambo ya mkwe mama hayaingilii, hiyo ni mila yako mwenyewe, sikukufundisha mimi."

Alikunywa. Utando wa maziwa ulimganda kwenye masharubu, ukaning'inia hapo, mweupe, ukitikisika kila alipotamka neno mkwe. Tryphosa aliutazama. Aliwaza konokono na jibini yenye kuvu, akashangaa jinsi vilivyokuwa visafi.

Jumapili kamati ilijaa sebuleni. Kwa kuwa Wahome alikuwemo, Tryphosa alikaa jikoni kama inavyompasa mama mkwe, akisikia kila kitu kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo. Alisikia Edinah akiingia kutoka kazini, bado na sare, akitaniwa na Jeconia: "Bibi harusi, huko Ulaya usituletee baridi, tuletee mapacha!" Watu walicheka. Alisikia kicheko cha binti yake katikati ya vingine, kicheko cha mtu aliyechoka na mwenye furaha, na hicho ndicho kilichomwinua kwenye kigoda.

"Mama Edinah!" Jeconia aliita. "Tuma mtu na hizo karatasi tuziombee."

Tryphosa hakutuma mtu. Alifuta mikono, akachukua daftari na bahasha, akaingia sebuleni.

Wazee wa kwao waliangalia sakafu. "Shemeji," Jeconia alinong'ona kwa sauti ambayo wote walisikia, "mkwe yumo humu."

"Najua alipo. Naona viatu." Alisimama wima, kama Mwalimu Maximilla wa gumbaru alivyowafundisha kusimama wanaposoma, kidole chini ya mstari. "Kabla hamjaomba, mjue mnachoombea. Siku ya kwanza. Kuwasili Roma, kupumzika. Siku ya pili. Kuona makanisa." Alisoma pasipo haraka. Mtu mmoja aliitikia amina mahali pasipostahili. Wabuge alikohoa mara tatu. "Siku ya sita. Kufika Paris, kama mkwe alivyoagiza. Siku ya saba. Kupanda mashua mtoni, saa kumi na mbili jioni, wawili." Akaweka daftari chini, akainua karatasi ya tisa. "Siku ya saba, nyingine. Saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri. Basi, kutoka Paris kwenda Hamburg. Wahome Gikonyo. Kwenda bila kurudi. Abiria, mmoja."

"Mathe," ilisema sauti juu ya viatu vya kahawia, ikicheka kidogo, "hiyo ni ya Kiingereza, umeichanganya."

"Jina lako nimelisoma. Na moja ya Kiingereza naijua, ndiyo waliyotufundisha siku ya kwanza."

Edinah alikuwa amekwisha kusimama. Aliichukua karatasi, akaisoma, akaigeuza nyuma kana kwamba yeye angekuwa ameandikwa huko.

"Wahome. Saa kumi na moja alfajiri mimi niko wapi?"

"Sikiliza, mpenzi, ningekuambia."

"Lini?"

"Huko. Mambo yakishatulia."

"Nimeuliza niko wapi."

Viatu vilisogea, kimoja kikapanda juu ya kingine. "Umelala. Ningekuachia kikaratasi mezani."

Mama mmoja wa kamati alisema "Yesu wangu," taratibu sana. Jeconia aliinua mikono yote miwili. "Wazee, mambo haya ni ya ndani, tusiharibu, kadi zimekwisha..."

"Baba," Edinah alisema, hakumwangalia Jeconia hata kidogo. "Wewe ulijua?"

Wabuge alipapasa masharubu yake. Binti yake akaiweka chini kalamu aliyokuwa amepewa ya kutilia sahihi. Aliivua pete, ikamkwama kwenye kifundo, akailainisha kwa mate bila aibu mbele ya watu wote, akaiweka ndani ya kisahani, katikati ya makombo ya mandazi.

"Niletee maji ya kunawa, Mama," alisema.

Wahome aliondoka kitini. Viatu vilivuka zulia, vikaja, vikasimama mbele ya Tryphosa, na chini ya macho yake ukanyooshwa mkono. "Mathe, wewe ni mzazi. Nisaidie kumtuliza. Nisamehe."

Ndipo Tryphosa alipokumbuka kwamba pete ilikuwa kwenye kisahani; huyu hakuwa mkwe tena. Aliinua macho taratibu, kutoka kwenye ncha za viatu hadi magotini, hadi kwenye tai, hadi usoni. Alikuwa ametazamia kuona kitu fulani hapo, hakujua nini. Ulikuwa uso wa kijana wa kawaida, masikio madogo, chembe ya mandazi pembeni mwa mdomo, tayari akianza kutabasamu. Ukawaida ule ndio uliomkirihi kuliko yote aliyoyaona mwezi ule.

Hakuushika mkono. Aliichukua karatasi ya tisa kutoka kwa Edinah, akaikunja sawasawa mara mbili, akaiweka kwenye kiganja kilichonyooshwa.

"Chukua yako," alisema, akimtazama machoni. "Usiichanganye na zetu."